Ukuta Unaotoa Jasho

Shituru, Likasi
Jumapili, 3 Novemba

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha leo saa nane mchana, na Orpha hayupo kuisikia. Mke wangu ameondoka juzi kwa basi kwenda Lubumbashi, kwa binti yetu Mamie, na dawa yake ya kuvuta ndani ya mkoba. Daktari alimsikiliza kifua, akamsikiliza na mgongoni, kisha akaniuliza mimi, si yeye, kama nyumba yetu ina unyevu. Nikasema kidogo. Orpha akanitazama kama anayemtazama mtu anayedanganya kanisani.

"Papa Mamie," aliniambia pale kituoni, "minye sina hasira na weye. Lakini mu ile nyumba sirudie, mupaka ikauke. Njo vile."

Basi nimenunua daftari. Miaka ishirini na sita kazi yangu kiwandani ilikuwa kusoma vipimajoto vya matangi na kuandika kila saa, na kila msimamizi aliyepita alisifu mwandiko wangu. Sasa nitaiandika nyumba. Ukuta wa chumba cha kulala, ule tunaogawana na jirani: umelowa toka dari hadi usawa wa mto wa kulalia. Kuvu nyeusi pembeni. Nitatafuta maji yanaingilia wapi, nitaziba, na mke wangu atarudi. Mtu aliyechunga matangi ya asidi hawezi kushindwa na ukuta.

5 Novemba

Mvua. Ukuta una maji.

6 Novemba

Mvua. Ukuta una maji. Nimepika bukari, ugali wetu, ndani, mlango umefungwa. Nimepika ya watu wawili, kwa mazoea, na nusu nimeimwaga.

14 Novemba

Fundi Yannick amekuja kutazama paa. Ametembea juu ya mabati asubuhi nzima, akagonga, akapaka lami kwenye kila kichwa cha msumari. Alipoteremka alikuwa anacheka.

"Papa, mabati yenu iko muzuri kupita ya kanisa. Maji haitoke juu."

Nikamwambia apake safu ya pili. Vijana wa siku hizi wanapenda kumaliza kazi kabla ya kuianza.

17 Novemba

Mvua kubwa saa tatu mfululizo. Nimekaa chini ya dari na tochi. Hakuna hata tone lililodondoka. Ukuta una maji.

Nimempigia Orpha simu. Alikuwa anamvalisha mjukuu sare ya shule, akasema atanipigia. Hakupiga.

22 Novemba

Nimepata jibu, au nilidhani hivyo. Nyumba zetu za kampuni zimejengwa mbili mbili, zimeshikana ubavu. Ubavu wangu ni ubavu wa Georges. Mimi na Georges tunagawana ukuta mmoja tangu mwaka 1988, na tangu mwaka 1992 tunagawana salamu tu. Yeye ni mtu wa hapa hapa. Sisi ni watu wa Kasai, babu yangu aliletwa kwa ajili ya migodi, na ingawa mimi mwenyewe nimezaliwa Likasi, kuna mwaka ambao hilo halikuhesabika. Nikawaza: bomba la Georges linavuja ndani ya ukuta, naye amenyamaza makusudi. Nikavaa koti, nikaenda kugonga kwake, mara ya kwanza tangu msiba wa mkewe.

"Voisin," nikamwambia, kama majirani tunavyoitana hapa, "bomba yako inaniharibia nyumba."

Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Akanipeleka mpaka chumbani kwake, akasogeza kabati. "Gusa, voisin."

Nikagusa. Ukuta ule ule, matofali yale yale, upande wa pili wa kitanda changu. Mkavu kama biskuti. Pazia la dirishani lilikuwa linacheza na dirisha limefungwa. Georges akanyoosha kidole juu, chini ya dari, kwenye safu ya matundu ambayo wajenzi waliyaacha kwenye kila nyumba ya kampuni, na mengine chini karibu na sakafu.

"Weye ulifungaka yako yote," akasema. "Minye niliachaka yangu."

Nikamjibu kwamba matundu yanaingiza vumbi, mbu na macho ya watu. Akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote.

1 Desemba

Viatu vyangu vya ibada vimeota manyoya meupe chini ya kitanda. Nimevifuta kwa mafuta ya taa, nikaenda kanisani nikinuka taa.

9 Desemba

Mvua. Mvua. Nguo zimetundikwa kamba nzima sebuleni, siku ya nne, na hazikauki. Redio inaniambia habari za dunia nzima na sina wa kubishana naye.

26 Desemba

Niandike ya jana.

Nilifika Lubumbashi mchana, na kuku wawili ndani ya kikapu, nimevaa lile koti langu jeusi. Nilipiga hodi barazani, na Orpha alikuwa chini uani. Amenenepa kidogo mashavuni, na alipanda ngazi tatu kuja kwangu bila kusimama katikati. Nikamkumbatia. Tulikaa hivyo, na nilifurahi mno hata sikusikia mara moja kwamba ameanza kukohoa. Alikohoa mpaka akashika ukuta. Mamie akaja mbio na dawa, akasimama kati yetu, akanusa begani mwangu.

"Papa, toa koti," akasema. "Iko na kuvu. Unamuletea maman nyumba ku mwili."

Nikalivua. Mamie akalibeba kwa vidole viwili, akaliweka nje kwenye ngazi, na mimi nikala Noeli na shati, mbali na mke wangu, upande wa pili wa meza. Watoto waliimba. Orpha aliniwekea paja la kuku kwenye sahani kwa kunyoosha mkono. Hakuna aliyenisema vibaya. Niliporudi kituoni jioni nililiokota koti pale ngazini, nikalivaa, maana mvua ilikuwa inanyesha na sina lingine.

Nimeona haya. Sijawahi kuona haya hivi tangu nizaliwe.

2 Januari

Leo nimefanya kazi kama mtu aliyesoma. Nimechukua kipande cha nailoni safi, nikakausha ukuta kwa kitambaa, nikakibandika kwa utepe wa gundi pande zote nne. Kama maji yanatoka ndani ya ukuta, yataonekana nyuma ya nailoni. Kama yanatoka kwingine, yatakaa mbele.

5 Januari

Nyuma, pakavu. Mbele, matone yamejipanga, nimeweza kuandika jina langu kwa kidole.

Nimekaa kitandani nikacheka peke yangu. Kiwandani tulikuwa na bomba la maji baridi lililopita kwenye ukumbi wa matangi. Wakati wa mvua bomba lile lilitiririka toka asubuhi, na kila mfanyakazi mpya alikimbia kumwita fundi. Sisi wakongwe tulimcheka: bomba halivuji, linatoa jasho. Hewa ya moto yenye maji imekutana na chuma baridi, basi maji yanabaki hapo. Nimelisema hilo kwa vijana labda mia, na kwangu nimelala kando ya bomba lile lile nikipaka lami kwenye mabati.

Maji ni yangu mwenyewe. Ni bukari yangu, chai yangu, nguo zangu kwenye kamba, pumzi yangu na ya Orpha usiku kucha. Yanapanda juu yakitafuta tundu la kutokea na hayalikuti, yanageuka, yanakaa ukutani. Georges alinionyesha kwa kidole nami nikakataa chai.

11 Januari

Siku sita najua la kufanya na sijafanya. Patasi iko mezani. Basi niandike kwa nini.

Septemba ya mwaka 1992, vijana waliotaka kutufukuza jimboni walipoanza kupita njiani wakiwatafuta watu wa Kasai nyumba kwa nyumba, Mamie alikuwa na miaka miwili. Wengi wetu walikimbilia stesheni na mizigo vichwani, na wengi hawakurudi. Orpha alikuwa amelala na homa, hakuweza kutembea. Nikaamua tutakaa ndani kama nyumba haina watu. Nilikuwa na nusu mfuko wa saruji. Nikaziba matundu kumi na mawili ya juu na sita ya chini, kutoka ndani, kwa kijiko cha kulia, kwa sababu mwiko wa fundi ungelia kwenye tofali. Nilitaka mwanga usitoke, harufu ya chakula isitoke, na kilio cha mtoto kisitoke.

Tulikaa siku kumi na moja. Septemba jua ni kali, na hewa haikuwa na pa kupita. Tulipikia ndani, kwenye mbabula, jiko letu la makaa, madirisha yamefungwa, tukalala sakafuni tukitafuta ubaridi wa saruji. Mamie alilia. Na kila alipolia, kule kwa jirani walikuwa wanatwanga sombe, majani ya muhogo. Kutwa nzima, du, du, du, kama watu wenye karamu. Sisi tunakufa kwa joto, wao wanakula. Sijawahi kuusahau mlio ule, na kwa ajili yake sikumpa Georges zaidi ya bonjour.

Hali ilipotulia nilirudi kazini. Saruji niliiacha. Nilijiambia ni kwa sababu ya vumbi. Kikohozi cha Orpha kilianza mwaka ule, na daktari wa kwanza alisema ni mafua.

Nimemfungia mke wangu hewa kwa miaka thelathini na miwili kwa sababu naogopa. Ndivyo ilivyo.

28 Januari

Patasi bado iko mezani. Ninaihamisha ninapokula.

9 Februari

Jana nimetenda ujinga ambao mfanyakazi mpya wa kiwandani asingeutenda. Nilijiambia: ukuta ni baridi, basi niupashe moto, utakauka bila kuvunja kitu. Nikawasha mbabula, nikaiingiza chumbani, nikafunga mlango na dirisha ili joto lisipotee. Nje mvua ilikuwa inapiga. Mwanzo ulikuwa mzuri. Maji yalitoweka ukutani nikiyaona kwa macho yangu, nikajipongeza. Kisha kichwa kikaanza kugonga. Nikataka kuinuka kwenye kiti, miguu ikakataa. Nilikuwa najua kabisa ni nini, nimewahi kuwafundisha watu juu ya hewa ya makaa, na sikuweza kufanya lolote. Niliwaza kwamba Orpha atasema nilikuwa mkaidi mpaka mwisho. Kiti kikaanguka nami.

Nilizindukia barazani, uso wangu kwenye mvua, na Georges ananipiga mashavu kwa nguvu ambayo nadhani alikuwa ameiweka akiba. Mlango wangu ulikuwa umelala chini na bawaba zake.

Aliporidhika kwamba sifi, aliketi kando yangu, amelowa.

"Umejuaje?" nikamwuliza.

"Kiti ilianguka. Ukuta hii inapitisha yote, voisin. Minye nakusikiaka ukikohoa, ukisali, ukigombana na radio."

"Yote?"

"Yote. Ata ile mwaka."

Yeye akawa anakamua shati lake.

"Mutoto wenu alikuwa analia," akasema. "Na bale bavijana banapita mu njia na bifimbo. Muke wangu Simone akaniambia, toa kinu. Mutoto akilia, yee anatwanga. Sombe ikaisha mu shamba, akatwanga majani ya bure. Kisha akatwanga kinu ya butupu. Mikono yake ilitokaka malengelenge, minye njo nilikuwa namufunga bitambaa."

"Kwa nini hamukutuambia?"

"Tungewaambia wapi? Mulifunga matundu yote." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Na nyuma yake, weye unapita na uso ya kufunga. Nikasema, bon, labda anajua, na hapendi tuongee."

Simone alikufa mwaka 2009. Kwenye matanga yake nilikaa kiti cha mwisho, nusu saa, nikaondoka kabla ya chakula. Nilimchukia mwanamke yule miaka yote kwa kazi aliyoifanya ili mtoto wangu aishi.

16 Februari

Nimekwenda makaburini. Sikujua kaburi lake liko wapi, ilibidi Georges anipeleke. Nilisema nilichokuwa nacho. Ni kidogo sana na kimechelewa.

1 Machi

Nimefungua matundu ya nyuma, ya uani. Sita ya juu. Saruji niliyoipaka kwa kijiko ni ngumu kuliko ya kampuni, nimejikuta najivunia na kujilaani kwa wakati mmoja.

6 Machi

Siku tano. Ukuta una maji, pungufu kidogo tu. Georges amekuja, ameleta kijiti kilichozimwa, bado kinatoa moshi, akakiweka karibu na tundu. Moshi ukasimama wima pale pale.

"Unaona? Haina kwenye inatoka," akasema. "Hewa inaomba mulango mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Weye umefungua uani tu. Fungua na ya njiani, na ya chini."

Nikamwambia nitaona. Matundu ya njiani yanatazama barabara. Ndiyo niliyoyaziba kwanza.

8 Machi

Leo, saa nne asubuhi, jua limetoka kati ya mvua mbili. Georges alisimama njiani, nje, mgongo wake kwenye ukuta wangu, akiwasalimia wapita njia. Hakuna aliyemwomba. Mimi ndani, juu ya meza, na patasi. Tundu la kwanza lilipotoboka, mwanga uliniingia jichoni, kisha sauti: mama mmoja anauza ndizi, anagombana na mteja. Nikateremka, nikakaa kitini mpaka ugomvi wao ulipokwisha. Kisha nikapanda tena. Mpaka jioni nilikuwa nimemaliza ya juu yote, na kesho nitafungua ya chini.

Kijiti cha moshi sasa kinainama kama mtu anayevutwa shati.

14 Machi

Mvua. Ukuta bado una maji hadi usawa wa mto. Juu pamekauka kiasi cha kiganja.

23 Machi

Mvua. Viganja vitatu.

2 Aprili

Nimekwangua kuvu, nimepaka chokaa. Nguo natundika barazani. Georges anakula hapa Jumanne na Ijumaa, na anaongea mdomo umejaa. Akiondoka nyumba inakuwa kubwa tena.

13 Aprili

Mvua inaondoka. Ukuta mkavu wote. Nimempigia Orpha, nikamweleza matundu moja moja. Akasema kwamba kwa Mamie anapumua vizuri, wajukuu wamemzoea, na huko Likasi baridi inakuja, na mimi nimetoboa nyumba kila mahali. Akasema atafikiri.

14 Aprili

Sikulala vizuri.

20 Aprili, Pasaka

Hakupiga. Nimekwenda ibada, nimerudi. Ukuta mkavu, na hakuna wa kuutazama.

27 Aprili

Nimemsimulia Orpha habari ya kinu. Nilikuwa nimepanga kuisubirisha mpaka atakaporudi, nikaona labda harudi, na hiyo ni haki yake aijue. Alilia. Mamie alichukua simu akauliza nimemfanya nini mama yake, nikamweleza na yeye.

3 Mei

Orpha anakuja Alhamisi. Usiku tatu tu, kujaribu. Akikohoa hata mara moja kama zamani, atarudi Lubumbashi moja kwa moja na mimi sitamwomba tena. Tumekubaliana hivyo kwa simu, kama wafanyabiashara. Georges ametengeneza vibao vidogo vya kusukuma mbele ya matundu ya njiani, kupunguza upepo wa usiku bila kuziba.

8 Mei

Amefika. Mkoba mmoja, nguo za siku tatu. Kabla ya kuingia kwake alipita kwa Georges, akakaa huko saa nzima. Sikuwafuata.

Jioni ametembea chumba kwa chumba akigusa kuta kwa mgongo wa mkono, kama anayepima homa. Tumelala na blanketi mbili.

9 Mei

Kikohozi kidogo asubuhi. Alisema ni vumbi la basi.

10 Mei

Hakuna la kuandika. Naogopa kuandika.

Jumapili, 11 Mei

Nimeamka kumekucha, mwanga unaingia kwa mistari, na upande wa Orpha kulikuwa kimya.

Kwa miaka thelathini na miwili sijawahi kuamka kando yake kwenye ukimya ule. Kifua chake kililia usiku kucha kama mlango unaohitaji mafuta, nami nililala juu ya mlio huo, na asubuhi ndio ulionijulisha kwamba yupo. Leo hapakuwa na kitu. Nikajua amekufa. Nikajua nimemwita kutoka kwa wajukuu zake aje kufa kwenye baridi ya matundu yangu. Nikamshika mabega, nikamtikisa, nikapiga kelele jina lake, mpaka Georges akagonga ukuta upande wa pili.

Orpha akafumbua macho, mkali kama pilipili.

"Papa Mamie! Kuko nini? Moto?"

"Hapana," nikasema. "Sikukusikia."

"Unisikie nini? Minye nalala!"

"Kifua."

Akavuta pumzi, taratibu, ameinamisha kichwa kuisikiliza. Akavuta nyingine. Ya tatu aliivuta mpaka mwisho kabisa, akaishikilia, akaiachia, na macho yake yakajaa maji.

Alivuta blanketi mpaka kidevuni. "Humu kuko baridi ya mubaya," akasema. "Nipatie simu."

Akampigia Mamie, akamwamsha. "Ulete bilamba byangu byote," akamwambia, maana nguo zake nyingi ziko kule. "Na ile sufuria mukubwa."

Nilitoka nje, nikalia karibu na bomba, sana. Kisha nikawasha mbabula hapo hapo uani, nimchemshie chai.